Sanje: Njia Iwe Ngumu, Geti Liwe Jepesi

Ukipanda basi la Ifakara, omba kiti cha dirishani upande wa dereva. Ukishavuka Kidatu, miwa inafunga pande zote mbili za barabara, reli ya TAZARA inajitokeza na kupotea, na milima ya Udzungwa inasimama kulia kwako bila utangulizi. Tazama juu, kwenye kijani kilichokolea. Kuna mstari mweupe umening'inia mlimani. Hayo ni maporomoko ya Sanje, maji yanayoshuka mita zipatazo 170 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa.

Ndani ya basi ni nadra mtu kugeuka. Konda anadai nauli, mama wa kiti cha mbele anabishana naye juu ya gunia lake la mchele, na anayetoa simu kupiga picha ukimuuliza atakwambia ametoka Dar es Salaam au mbali zaidi. Siwalaumu wenyeji. Kitu unachokiona kila siku tangu utotoni hakikushtui. Lakini kuona kwa mbali na kufika ni mambo mawili, na wakazi wengi wa bonde la Kilombero wanaoishi chini ya maji yale wanazeeka bila kusimama hata mara moja pale yanapotua. Rai yangu ni kwamba hali hiyo inayahatarisha maporomoko yenyewe kuliko inavyowanyima raha wananchi. Na dawa yake si lami, wala ngazi za zege, wala hoteli.

Safari ya Sanje inaanzia kwenye makaratasi. Unapita kwanza makao makuu ya hifadhi Mang'ula, unaandikishwa, unapewa namba ya kumbukumbu, unalipa kwa simu, unapangiwa mwongozaji. Kisha unarudi kaskazini kilomita kama kumi hadi kituo cha askari wa hifadhi kilicho juu kidogo ya kijiji cha Sanje. Mzunguko mzima, kwenda na kurudi, unakula saa nne au zaidi kwa mtu anayesimama kupumua na kutazama, na sioni kwa nini mtu aende huko kama hana nia ya kusimama.

Mwanzo ni mwepesi kiasi cha kudanganya. Baada ya hapo njia inaacha adabu na kupanda moja kwa moja, mizizi ikiwa ndiyo ngazi na udongo mwekundu ukiteleza hata siku ambayo mvua haijanyesha. "Shika huu, mzee, ule una miiba," mwongozaji wangu aliniambia, kijana wa palepale bondeni, bila hata kugeuka nyuma. Alikuwa anajua mkono wangu ungeenda wapi. Juu yetu matawi yakatikisika. Mbega wekundu wa Udzungwa, wenye utosi wa rangi ya kutu na uso mweusi, walikuwa wanakula majani machanga na kuyadondosha nusu yake chini kwa ubadhirifu usio na haya. Mnyama huyu hapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa milima hii na misitu michache ya jirani.

Kima wa Sanje ni vigumu zaidi kumwona. Anatembea sana ardhini, ana rangi ya kijivu, na anakusikia kabla hujafika. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, walipoisikia sauti yake msituni wakashindwa kuioanisha na mnyama yeyote waliyemjua, na baadaye mtoto wa kima huyo akakutwa anafugwa kijijini. Wanakijiji walikuwa wanamfahamu siku zote. Hakuna aliyekuwa amewauliza. Nitarudi kwenye jambo hili la kutokuulizwa.

Ukifika chini ya poromoko kuu, upepo unakupokea kabla ya maji. Si upepo wa hali ya hewa. Ni maji yenyewe yanayosukuma hewa yanapoanguka, kwa hiyo hata siku ambayo hakuna jani linalotikisika kule chini, pale nyasi na majani yameinamia upande mmoja muda wote. Mawe yamevaa kuvumwani ya kijani. Miwani inafunikwa na ukungu, shati linalowa ukiwa bado hujagusa bwawa, na kuzungumza na mwenzako lazima umsogelee sikioni. Mwongozaji aliizungushia simu yake mfuko wa nailoni, mafundo mawili, kama mtu aliyekwisha kupoteza nyingine kwa njia hiyo. Ukigeuka kulitazama bonde, unaona mashamba ya miwa yamekatwa miraba, moshi wa shamba linalochomwa kabla ya kuvunwa, na barabara ile uliyopita. Basi linapita. Kutoka huku juu linaonekana halina haraka yoyote.

Ule ukungu unaolowesha shati si pambo. Kuna viumbe wanaoishi ndani yake na hawawezi kuishi nje yake, na hapa ndipo lazima tutoke Sanje twende upande wa kusini wa milima hiihii, nje ya mipaka ya hifadhi, hadi korongo la mto Kihansi.

Kihansi nako kulikuwa na maporomoko makubwa. Mto uliteremka kwenye ukingo wa milima na kujaza korongo zima mvuke mchana na usiku. Mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme ukiwa umeshaanza, watafiti walikuta katika nyasi zilizoloweshwa na mvuke huo chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyefika urefu wa sentimita 3, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto wakiwa wazima. Eneo lake lote duniani halikuzidi sana hekta 2, sawa na viwanja viwili vitatu vya mpira. Mitambo ya megawati 180 ikaanza kazi, na ilipofika mwaka 2000 sehemu kubwa kabisa ya maji ya mto ilikuwa imeelekezwa ndani ya handaki la mlima badala ya korongoni. Mvuke ukakatika. Vinyunyizio vya mabomba vikafungwa ili kuiga mvua iliyopotea, na vyura karibu 500 wakapakiwa kwenye ndege kwenda kutunzwa katika bustani za wanyama za Marekani, wakiwemo waliopelekwa Bronx na Toledo. Kwa muda ilionekana vinyunyizio vimefaulu. Mwaka 2003 idadi ya vyura waliobaki korongoni ikaporomoka ghafla, ugonjwa wa kuvu ukitajwa miongoni mwa sababu, na mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba chura wa Kihansi ametoweka katika makazi yake ya asili. Wajukuu wa wale waliopanda ndege walirudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na kuanzia 2012 wakaanza kuachiwa tena korongoni, kwenye mvua ya mabomba.

Mimi si adui wa umeme. Naandika makala haya taa ikiwa inawaka, na sehemu ya umeme huo huenda ni ya Kihansi. Nchi iliyokuwa ikikaa gizani kwa mgawo ilikuwa na sababu ya kuutaka mto ule, na hata leo, pamoja na bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, hakuna mtu mwenye akili anayeweza kusema mitambo ya Kihansi izimwe. Kinachonisumbua ni namna mjadala wenyewe ulivyokwenda. Upande mmoja walikuwepo wataalamu, wengi wao wageni, wakitetea chura. Upande wa pili walikuwepo wahandisi na wakopeshaji. Sisi wengine tulibaki na utani. "Vyura wa Kihansi" wakageuka kichekesho cha vijiwe vya kahawa na hata cha wanasiasa: vyura wanapanda ndege, mwananchi anapanda lori! Sikumbuki kusikia Mtanzania hata mmoja akisema hadharani, "Yale maporomoko niliyafikia, niliwapeleka wanangu, nitayakosa." Wasingekuwepo wa kusema hivyo. Watu waliowahi kufika pale walikuwa wachache mno, na wale wa vijiji vya karibu waliopajua, sauti zao hazikufika kwenye magazeti.

Linganisha na Uganda. Katikati ya mwaka 2019 ilijulikana kwamba kampuni moja inaomba kibali cha kuchunguza uwezekano wa kuzalisha umeme katika maporomoko ya Murchison, pale Nile inapobanwa kwenye ufa wa mwamba wenye upana wa mita kama 7 na kurushwa chini mita zaidi ya 40. Jirani yake kuna poromoko la Uhuru, lililofunguka kwa mafuriko ya mwaka 1962, mwaka uleule nchi ilipopata uhuru. Kelele zilizopigwa hazikuwa za wanasayansi peke yao. Waongoza watalii walipinga hadharani. Watu wa kawaida walijaza mitandao picha zao wenyewe, za safari za shule na za fungate, wamelowa. Agosti mwaka huo serikali ikatangaza kwamba hakutakuwa na bwawa pale. Miezi michache baadaye ikalegeza kauli na kuruhusu upembuzi ufanyike, kwa hiyo vita havikwisha, lakini mtu anayetaka kuligusa poromoko lile leo anajua fika kwamba atakutana na wenyewe.

Sidai kwamba kutembelewa ni kinga kamili. Uganda hiyohiyo ilikuwa na Bujagali, mahali palipojaa wageni wa kupanda maboti na penye heshima ya kimila, na bado palizamishwa chini ya bwawa la megawati 250 lililozinduliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo, mwaka 1954, maporomoko ya Owen pale Jinja yalikuwa yameshamezwa. Kinachotofautiana ni gharama. Palipo na watu waliowahi kufika, uamuzi wa kulinyamazisha poromoko unalazimika kujieleza, unacheleweshwa, unadaiwa takwimu. Pasipo na mtu, unapitishwa kwa mhuri.

Basi nani anafika Sanje?

Wageni kutoka nje wanafika, ingawa ni wachache ukilinganisha na wanaokwenda Serengeti au Kilimanjaro. Siku hizi vijana wa Dar es Salaam nao wanakuja wikendi kwa mabasi ya kukodi, jambo ninalolifurahia sana, nikitoa spika wanazobeba mgongoni. Mtu aliyesafiri umbali wote huo kuja kusikia maji hana haja ya singeli. Lakini Sanje yenyewe? Niliposhuka nilimuuliza dereva wa bodaboda aliyekuwa ananirudisha Mang'ula, kijana aliyezaliwa hapohapo.

"Kaka, wewe umeshapanda huko juu?"

"Hapana, kiongozi. Huko wanaenda wazungu na wanachuo."

"Kwani kiingilio ni shilingi ngapi?"

"Sijui. Sijawahi kuuliza."

Kiingilio cha raia, kwa taarifa yake, ni shilingi elfu chache tu, wakati mgeni kutoka nje analipa kwa dola na mara nyingi zaidi. Si bei ya kumtisha mfanyakazi wa mjini. Ila ongeza malipo ya mwongozaji, ongeza bodaboda ya kwenda kulipa Mang'ula na kurudi Sanje, zidisha kwa watoto watatu, kisha mwambie kibarua wa kukata miwa kwamba hiyo ni safari ya kwenda kutazama maji anayoyaona kutoka mlangoni kwake. Atakucheka, na atakuwa na haki.

Zaidi ya bei kuna historia. Hadi mwaka 2011 wanawake wa vijiji vilivyopakana na hifadhi walikuwa wanaruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni zilizokauka. Ruhusa ile ilifungwa, na wahifadhi walikuwa na hoja yenye uzito, maana ukingo wa chini wa msitu ulikuwa unachakaa na si kila aliyeingia aliokota kilichokauka. Lakini pamoja na kuni, kiliondoka kizazi cha mwisho cha wanavijiji waliokuwa na sababu halali ya kuweka mguu mle ndani. Watoto wao wanaijua hifadhi kwa mambo mawili: askari, na tembo wanaoshuka usiku kula mpunga. Yapo mashamba yaliyozungushiwa uzio wa mizinga ya nyuki kuwafukuza tembo hao, na unafanya kazi kwa kiasi chake, na asali inauzwa. Bado uhusiano wa namna hiyo ni wa mtu na mpaka. Huwezi kumwomba mtu alinde chumba ambacho hajawahi kukaribishwa kuingia.

Karibu na makao makuu kuna poromoko dogo, la kutembea muda mfupi tu, lenye jina la Prince Bernhard wa Uholanzi, mume wa Malkia Juliana, aliyekuja kuifungua hifadhi mwaka 1992. Sina ugomvi na marehemu. Nashangaa tu kwamba katika bonde lile lote hakupatikana mzee wa kijiji wa kupewa heshima hiyo.

Nikisema watu wafikishwe Sanje, najua kuna atakayerukia tafsiri yake: tujenge barabara hadi bwawani, tuweke ngazi, vibanda vya soda, ikiwezekana gari la kamba. Tuliusikia wimbo huo mwaka 2019 kuhusu Kilimanjaro, na wapagazi ndio waliokuwa wa kwanza kuuliza wao watakula wapi. Kwa hifadhi za kusini ulikuja pia mradi wa REGROW, mkopo wa dola milioni 150 kutoka Benki ya Dunia, Udzungwa ikiwa miongoni mwa walengwa. Ukaishia njiani mwaka 2024 baada ya malalamiko ya wananchi wa upande wa Ruaha. Fedha zitatafutwa tena mahali pengine, na zikipatikana, kitu cha kwanza kuwekwa kwenye andiko kitakuwa zege, kwa sababu zege hupigwa picha vizuri siku ya uzinduzi.

Udzungwa haikutengenezwa kwa ajili ya magari. Ni hifadhi ya miguu, na huo ndio utajiri wake. Kwenye mteremko wake wa mashariki msitu umeungana bila kukatika kuanzia mita kama 300 juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya 2,000, jambo ambalo ni adimu sana kwa Afrika Mashariki, ambako kwingi msitu wa chini umekwisha kugeuzwa shamba. Barabara moja ya kupanda ingeukata mnyororo huo, na mvua za kule, kwa miinuko ile, zingeigeuza barabara yenyewe kuwa korongo baada ya masika mawili. Halafu kuna maji. Vijiji vya chini vinakunywa maji ya mserereko yanayotoka kwenye vijito vya milima hii, na yanayobaki yanaingia kwenye mfumo wa Rufiji, ambao ndio unaolijaza bwawa la Nyerere. Anayedhani msitu wa juu ni jambo la watalii na nyani ajiulize taa yake inawashwa na nini.

Tena ule ugumu wa njia una faida yake. Mtu anayepanda kwa saa mbili anapita kwa mbega, anaonyeshwa mti ambao bibi wa mwongozaji wake alichemsha magome yake, anaulizwa habari za alikotoka. Anayeshushwa na gari mlangoni mwa poromoko anapiga picha, ananunua soda, anauliza choo kiko wapi. Wote wawili wamefika, ila kikao cha kujadili bwawa kikiitishwa kesho, ninajua ni yupi kati yao atakayeandika barua. Kwa wazee na wasioweza kupanda, lijengwe jukwaa zuri la kutazamia palepale barabarani, lenye kivuli na maelezo yanayosomeka kwa Kiswahili. Hilo halihitaji kukata mti hata mmoja.

Kinachotakiwa kulegezwa ni geti. Mkazi wa kijiji kinachopakana na hifadhi aingie bure siku fulani ya kila mwezi kwa kitambulisho chake cha taifa au barua ya mwenyekiti wa kitongoji, na aandikishwe palepale Sanje bila kutumwa Mang'ula. Kila shule ya msingi ya bonde ipeleke darasa la sita juu mara moja, na mwongozaji alipwe na hifadhi. Somo la jiografia linaloanza na poromoko linaloonekana kwenye dirisha la darasa halihitaji kitabu kipya. Na wazee waliouacha msitu ule mwaka 2011 wapandishwe nao, waulizwe majina ya vijito na miti, kabla hatujampata mwanasayansi mwingine wa kuja kugundua kile walichokuwa wanakifahamu.

Nilimweleza haya mtu mmoja wa uhifadhi, ambaye simtaji. Akasikiliza vizuri, kisha akanipa pingamizi ambalo si la kupuuza: wakija wengi wataikanyaga njia hadi iwe mfereji, na bwawa litajaa chupa. Ni kweli. Basi iwekwe idadi ya watu kwa siku, na ikifika, geti lifungwe kwa wote, mwenye dola na mwenye barua ya kitongoji. Nafasi zigawanywe tangu mwanzo wa mwezi, fungu la kwanza liwe la Sanje, Mang'ula na vijiji vingine vya bonde, na sisi wa Dar es Salaam tusubiri zamu yetu pamoja na spika zetu.